Tupeane uzoefu: Ukishaosha nywele, unaziachaje zikauke zenyewe bila draya?

Binti Kitonga
Wakuu salaam. Leo niko saluni, kichwa kimelowa chepechepe, dada ndiyo kwanza kashika draya, umeme ukakata. Tukasubiri weee, mwisho akaniambia "dada'angu jua lipo, kaa hapo nje." Nikakaa barazani pembeni ya muuza mihogo, nywele zimesimama kila moja na njia yake, wapita njia wanageuka. Kukauka zimekauka kweli, ila zilizokuwa zinafika mabegani sasa zimeishia masikioni. Nikakumbuka tulipomaliza kidato cha nne, ndiyo kwanza tunaruhusiwa kufuga baada ya miaka yote ya kunyolewa shuleni, mtaa mzima hakuna mwenye draya na watu walipendeza. Hivi tulikuwa tunafanyaje? Wa kipilipili, wa singa, wa dawa, wa dredi, kila mtu aseme yake.

Kipara Ngoto
Mimi kitambaa cha kufutia miwani kinatosha. Endeleeni.

Shangazi Kaja
Mlikuwa mnasuka uzi, mmesahau tu kwa sababu ya mawigi. Ule uzi mweusi wa dukani. Unaosha, unakamua kwa kanga kuukuu, unagawa mafungu, unazungushia uzi kuanzia shinani hadi nchani zikiwa bado na unyevunyevu. Nywele ikilowa inalegea, inakubali umbo lolote. Ikikauka inabaki na umbo uliloikausha nalo. Ukiiacha ijikunje, itakauka imejikunja. Ukiivuta kwa uzi, itakauka imenyooka. Asubuhi unafungua, unachana, hakuna aliyelia. Na usivute kama unafunga mzigo wa kuni, pembeni mwa paji zitang'oka.
Aliyelowesha nywele akatoka juani hivihivi bila kuzisuka asilaumu umeme.

Binti Kitonga
Shangazi, umenipiga za uso.

Wa Mbulu Original
Sijawahi kuelewa hizi shida. Mimi naosha asubuhi, najifuta, natoka. Nikifika kituoni zimekauka na zimelala vizuri.

Mama Pili
Kuna mtu amekuuliza una singa?

Wa Mbulu Original
Ameandika "wa singa" hapo juu, soma bandiko. Na tuna shida zetu, zikikauka zinalala kama zimepakwa gundi, saa nane mchana mafuta yote yamepanda usoni.

Mama Pili
Pole sana kwa mateso hayo.

Msusi wa Mabibo
Niwasemee kama fundi maana naona mnachanganya. Kila nywele ina hatari yake ikiwa mbichi. Za dawa ndizo msizichezee, ile dawa imeshazipunguzia nguvu ndani, na maji yakiingia zinavutika kama mpira halafu zinakatika. Mteja wa dawa akitaka zikauke zenyewe namchania kwa chanuo la meno mapana, naanzia nchani, nazungushia kichwani, namfunga skafu. Asichane tena mpaka zikauke.
Kipilipili ni kinyume chake. Ukisubiri ikauke ndiyo uichane, umejitafutia vita. Chana ikiwa na maji na kondishena, kisha isokote mbilimbili au piga mabutu.
Taulo la kusugua, hapana kwa wote. Fulana kuukuu ya pamba, unabonyeza tu.
Halafu jamani, acheni kuja kushonewa wivingi juu ya nywele mbichi eti mna haraka. Nimefumua watu hapa, ile harufu inayotoka chini nikawaza kufunga biashara.

Mrembo wa Kusi
Fulana ya mume inafaa? 😂

Msusi wa Mabibo
Ikiwa imefuliwa.

Baba Mapacha
Bandiko hili limenikumbusha mbali. Mama watoto alikwenda msibani Kigoma, akaniachia mabinti wawili wa darasa la pili, na Idd inakaribia. Akanisisitiza jambo moja tu: wapeleke kusukwa. Shuleni kwao ni ya binafsi, wanaruhusiwa nywele. Nikasema msusi atataka zimeoshwa, ngoja niokoe hela. Nikawaweka uani, sabuni ya kufulia (msianze, nilikuwa sijui), nikawasuuza, nikawaambia kachezeni juani mkauke. Wakacheza rede mpaka magharibi.
Walivyorudi, nywele zilikuwa zimekauka kweli. Zimekauka na kushikana zikawa kofia. Nikachukua kitana kidogo kile cha mfukoni. Nikaanza katikati ya kichwa. Wa kwanza akapiga ukelele uliomleta mwenye nyumba. Wa pili alipoona mwenzake anavyotoa machozi akapanda mwembe, na akagoma kushuka. Niko chini ya mti nambembeleza kwa soda, majirani wamejaa uani, mmoja anasema niripotiwe ustawi wa jamii.
Aliyetuokoa ni bibi wa nyumba ya tatu. Hakunisemesha. Alileta kibuyu cha maji, mafuta ya nazi na chanuo la mti, akaanza kulowesha upya, fungu kwa fungu, akichambua kwa vidole kabla ya kugusa chanuo. Ilifika saa nne usiku watoto wamesinzia mapajani kwake. Akawaachia mabutu, akasema yafunguliwe yakishakauka, siyo kabla. Mama yao aliporudi alisifia. Wale mapacha, mmoja alishasema kabla sijafungua mdomo.

Mama Pili
Sabuni ya kufulia!!! Baba wewe!

Shangazi Kaja
Bibi huyo apewe maua yake.

Mtaalamu Uchwara
Mnasifia kukausha kienyeji kama vile hakuna madhara. Kuna utafiti wa Korea Kusini wa mwaka 2011. Walichukua vishungi vya nywele wakavilowesha na kuvikausha mara 30. Draya ikiwa sentimita 5, joto lilifika nyuzi 95 na ganda la nje la nywele likaharibika zaidi. Lakini vile vilivyoachwa vikauke vyenyewe ndivyo vilivyoonekana na madhara ndani, kwenye utando unaoshikanisha seli. Wakashauri draya ikae sentimita 15 na uitembeze muda wote. Kwa hiyo draya si adui, na maji kukaa muda mrefu kwenye nywele si jambo la kuchezea.

Mama Pili
Walipima kipilipili?

Mtaalamu Uchwara
Hapana, lakini nywele ni nywele.

Msusi wa Mabibo
Nywele si nywele, kaka. Njoo ukae saluni kwangu Jumamosi moja.

Wa Mbulu Original
Kwa mara ya kwanza namuunga mkono Uchwara.

Mama Pili
Tulijua tu.

Dredi Tupu
Nimesoma habari ya harufu nikaona leo niutue mzigo.
Nilikuwa na dredi mpaka kiunoni. Nakwenda kujitambulisha ukweni Bukoba, natokea Mwanza. Usiku wa safari nikasema nisiende na vumbi la wiki, nikaziosha. Mnajua dredi nene inakunywa maji kama godoro. Juu unaona pakavu, katikati mto unatiririka. Alfajiri zilikuwa zinadondosha. Nikazikusanya zote ndani ya kofia ya kufuma, nikapanda basi. Mvua njia nzima, madirisha yamefungwa, kofia sijavua.
Nikafika. Nimekaribishwa vizuri, kahawa za kutafuna zimeletwa, wazee wamekaa, mvua inapiga bati, milango imefungwa. Baada ya muda mama mkwe akaanza kunusa. Ananusa, anakatiza, ananusa tena. Akamwita kijana, akamnong'oneza kwa Kihaya. Kijana akaja na fagio akachungulia nyuma ya kabati. Mjomba mmoja akasema kwa Kiswahili ili nami nielewe: "Tuwie radhi mgeni, kuna panya kafia humu ndani."
Wakuu, tulisogeza kochi. Nasema TULISOGEZA, maana na mimi nilinyanyuka kusaidia, mkwe mtarajiwa lazima uonekane una nguvu. Niliposhika ubavu wa kochi nikainama, kofia ikaanguka, dredi zote zikamwagika begani. Chumba kikanyamaza. Katoto ka miaka kama minne kakasema kwa sauti: "Si panya. Ni huyu."

Mrembo wa Kusi
Nimelia 😭😭 NI HUYU

Kipara Ngoto
Hapa ndipo ninapomshukuru Mungu kwa alivyoniumba.

Binti Kitonga
Ikawaje? Mahari walipandisha?

Dredi Tupu
Mahari haikupandishwa. Liliongezwa sharti.

Mama Pili
Usiniambie ulinyoa.

Dredi Tupu
Siku tatu baadaye. Watoto wawili sasa hivi.

Mzee wa Busara Feki
Mwanamume unanyolewa na ukweni? Mimi ningeondoka na basi lilelile.

Shangazi Kaja
Ndiyo maana bado unapika mwenyewe.

Mzee wa Busara Feki
Shangazi, mambo ya jikoni kwangu yameingiaje hapa? Nazungumzia msimamo.

Rasta wa Njombe
Turudi kwenye nywele. Dredi hazinuki kwa kuwa ni dredi, zinanuka kwa kufungwa mbichi. Osha asubuhi ya siku isiyo na safari, kamua moja moja kwa taulo kuanzia shinani, ziache wazi. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba zinaweza kulala na kuamka bado na maji, basi miezi hiyo naosha kichwa mara chache, na jikoni kuna moto. Sikai karibu sana, nishaunguza nchani.

Bi Mkubwa wa Mtambwe
Nanyi mwasahau sie tunaovaa ushungi. Mtu anaosha kichwa, kabla hakijakauka anajifunga mtandio, akitoka kazini anajifungua, mwenyewe anajikimbia. Mie naosha usiku baada ya Isha, nakaa barazani kwa ndani zipigwe na upepo, zikibaki na unyevu mdogo nafukiza udi kwa chetezo. Moshi unapita ndani ya nywele, zinakauka na zinanukia mpaka kesho kutwa. Makaa yawe machache tena yaliyotulia. Na mafuta ya nazi napaka kabla ya kuosha, si baada.

Shangazi Kaja
Baada, Bi Mkubwa. Zikiwa na maji ndiyo mafuta yanafungia unyevu ndani.

Bi Mkubwa wa Mtambwe
Hayo ni ya huko bara. Mie nywele za mama yangu zilifika kiunoni.

Njeri wa Umoja
Huku Nairobi mama alikuwa anatusuka matuta Jumapili jioni nywele zikiwa bado na maji, unalala nazo, Jumatatu ziko poa. Shida ni kulala na kichwa baridi, nilikuwa napata homa ya mapafu kila mara.

Mtaalamu Uchwara
Homa ya mapafu husababishwa na vimelea, haiji kwa sababu ya kichwa chenye maji.

Njeri wa Umoja
Ambia mapafu yangu.

Mama Pili
Na mapunye je? Jirani anasema ni maji kukaa kichwani.

Msusi wa Mabibo
Mapunye ni fangasi wa kuambukizana: chanuo la kuazimana, kofia, mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Ila kama una mba, kichwa kushinda mbichi kinazidi kuwasha, hilo naliona kila siku.

Mbeba Box Minneapolis
Nilitoka kazini Januari nimeoga hukohuko, nywele sijakausha, nikasimama kituoni. Nilipozishika zikalia KWA KWA KWA kama makuti. Nusu nusu barafu. Usizikunje zikiwa hivyo, ingia ndani zilegee. Tangu hapo naosha Ijumaa usiku, hita za ndani zinakausha mpaka ngozi ya kichwa inapasuka.

Mrembo wa Kusi
Huko mbali, sisi tuko masika hapa Dar, hewa yenyewe imelowa. Tangu asubuhi nimesuka twist na katikati bado zinatoa maji ukibinya.

Rasta wa Njombe
Umesuka kubwa mno. Gawa ndogo ndogo.

Shangazi Kaja
Na usisuke zikiwa chepechepe. Subiri ziache kudondosha kwanza.

Aisha Chelewa
Jamani samahani nimeingia sasa hivi sijasoma kote. Kesho saa mbili asubuhi nasimamia harusi, nimetoka kuosha, kipilipili, umeme hakuna. Nifanyeje?

Shangazi Kaja
Uzi, mwanangu. Duka bado liko wazi, kimbia.

Msusi wa Mabibo
Kaa mbele ya feni ya betri, mabutu madogo, usizikunje ndani ya kofia.

Kipara Ngoto
Wembe. Dakika tano.

Aisha Chelewa
Uzi mweusi hakuna, wana wa bluu. Unachuja rangi?