Naomba ushauri: je, nimpangishe mtu mwenye deni la kodi?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nina nyumba ya vyumba viwili huko Katuba, na kuna familia yenye watoto wadogo inayoiomba. Mwenye nyumba wao wa sasa ameniambia waziwazi kwamba wanadaiwa kodi ya miezi mitano, ingawa anakiri kuwa walikuwa wakilipa vizuri hadi baba alipoachishwa kazi mgodini. Mama anauza unga sokoni, na daftari la mauzo alilonionyesha limeandikwa kwa uangalifu, hata madeni ya wateja yamo. Sheria ya upangaji ya Kongo ya 2015 hairuhusu garanti (amana anayoweka mpangaji) ya nyumba ya kuishi ipite kodi ya miezi mitatu, nami sitaki kuivunja. Je, inatosha kudai mdhamini atie sahihi mkataba pamoja nao, au nikatae mapema? Kuwatoa baadaye kutaniumiza zaidi.