Asilimia iliyo kando ya swali ina maana gani hasa?

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Asalaam alaykum. Najitayarisha kwa mtihani wa GMAT ili niombe nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara, na kila usiku baada ya Isha hufanya mazoezi kwa programu inayoonyesha, kando ya kila swali, asilimia ya waliolipata. Jana swali la hesabu lenye 31% nililimaliza kwa dakika moja, ilhali jingine lenye 78% lilinitoa jasho na bado nikalikosa. Je, nipange masomo yangu kwa kufuata takwimu hizi?

Mwalimu mstaafu, Shela
Wa alaykum salaam, mwanangu. Asilimia hiyo hueleza habari za watu waliokutana na swali kuliko inavyolieleza swali lenyewe. Ukiwauliza manahodha kama mkondo wa maji kati ya Shela na Manda ni mkali, kisha ukawauliza wageni walioshuka jana, utapata majibu mawili kuhusu maji yale yale. Kumbuka pia kwamba swali lenye majibu matano ya kuchagua hujibiwa sawasawa na kama 20% ya wanaobahatisha tu. Basi likishuka chini ya hapo, jua kuna jibu la mtego linalowavuta watu, na ni vyema uchunguze ni lipi. Na kabla ya yote, tazama ni wangapi waliolijaribu.

Binti wa Mkomani
Naongezea kwa maneno ya mwalimu. Kaka, mtihani wenyewe haupimi ugumu kwa asilimia ghafi kama hiyo. Ugumu wa swali na uwezo wa mtahiniwa huwekwa kwenye kipimo kimoja, hivi kwamba, tukiacha kubahatisha kando, swali la kiwango chako ni lile ambalo una nafasi ya nusu kwa nusu ya kulipata. Tofauti na KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, ambapo sote tulipewa karatasi moja, GMAT hukuchagulia maswali kulingana na ulivyojibu yaliyotangulia. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kupata idadi sawa ya maswali kati ya yale 64, lakini wakatofautiana katika alama, ambazo huanzia 205 hadi 805. Usijaribu kukisia ugumu ukiwa ndani ya chumba cha mtihani. Utapoteza muda, na maswali yasiyojibiwa hukatiwa alama.

Mkaazi wa Langoni, Lamu
Ahsanteni sana. Nimerudi kutazama: lile la 31% lilikuwa limejaribiwa na watu 16 tu, wakalipata watano. Lile la 78% limejaribiwa na maelfu, nami nililikosa kwa sababu nilisoma «si chini ya» nikaelewa «chini ya».

Mwalimu mstaafu, Shela
Basi anza na hilo la 78%, mwanangu, na uyapitie tena yote mepesi uliyoyakosa kabla ya kugusa magumu.