Naomba ushauri: filamu ya El Hoyo na hoja ya Rawls

Habari zenu, ndugu zangu. Naandaa mjadala wa vijana kuhusu filamu ya Kihispania El Hoyo (2019), na kuna mahali nimekwama.

Gereza lake ni la ghorofa nyingi, wafungwa wawili kila sakafu. Meza ya chakula hushuka kutoka juu. Wa juu hula watakavyo, wa chini kabisa hukuta sahani tupu. Kila mwezi watu huhamishiwa sakafu wasiyoijua.

Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake cha 1971, alisema asiyejua nafasi yake katika jamii atachagua kanuni za haki. Wafungwa hawa hawaijui nafasi yao ya mwezi ujao, na bado waliowahi kushinda na njaa wakipanda juu hula kwa pupa! Hilo linaniumiza. Mfungwa mmoja, Imoguiri, anawasihi walio chini yake wagawane, hawamsikii. Wanatii pale tu Goreng, mfungwa mwenzake wa sakafu moja, anapotishia kukitia chakula kinyesi.

Nimemrudia Rawls, naona tofauti moja: wafungwa hawakukaa pamoja kupanga kanuni. Je, hiyo inatosha kumtetea? Na kitisho cha Goreng, kwa kuwa kinawafaa wenye njaa, je, tukione kuwa ni haki au ni udhalimu mwingine?