Distribyuta ya elektroniki: injini inawaka, nikiachia ufunguo inazima

Ndugu wanachama, habari zenu. Naomba ushauri.

Gari ni la zamani, silinda 4, kabureta, volti 12. Nimetoa distribyuta (kigawa cheche kwa plagi) ya pointi na kondensa, nimefunga ya elektroniki yenye moduli ndani (kifaa kinachokata na kuunga umeme wa koili badala ya pointi). Silinda ya kwanza iko juu kwenye mgandamizo, rota inaelekea waya wake, na waya za plagi zimefuata mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2.

Stata ikizunguka injini inashika vizuri kabisa. Nikiachia tu ufunguo, kimya. Waya mwekundu wa moduli nimeufunga kwenye chanya ya koili. Nikipima hapo, stata ikizunguka napata volti 10.5, ufunguo ukirudi inashuka hadi 6 hivi koili ikiwa inapitisha umeme. Nashuku rezista ya koili (inayopunguza volti zinazofika kwenye koili), kwa sababu stata ikizunguka umeme unaikwepa. Athi nimesafisha, moduli nyingine nimejaribu, hali ni ileile. Koili yenyewe ni omu 1.5.

Je, niulishe waya mwekundu kutoka swichi ya ufunguo kabla ya rezista, koili ibaki ilivyo? Au niondoe rezista na kufunga koili ya omu 3? Nahofia kuunguza moduli.