Bibi anataka kuona kaburi la mwanae aliyefia vita vya Kagera, baba mdogo anataka tuzike mgomba. Nishaurini

Wakuu, salaam kutoka Tukuyu, mvua haijakata tangu asubuhi.

Baba yangu mkubwa alikuwa askari wa JWTZ. Alifariki 1979 akiwa na miaka 21, njiani kwenda Masaka, vita vile vya Idi Amin. Mwili haukurudi. Mwenzake wa kikosi alifika nyumbani mwaka uliofuata, akasema amezikwa Kaboya, kule Muleba. Basi, hatuna habari nyingine.

Bibi sasa ana miaka 88. Anayo barua moja ya mwanae, anaitunza kwenye kopo la majani ya chai. Imekunjwa mara nne, mikunjo imeshatoboka, wino umekuwa kahawia. Nusu ya barua ni habari za viazi: mama asiuze mbegu hata akiishiwa chumvi. Bibi hajui kusoma, lakini ukimsomea ukaruka mstari anakushika.

Sisi ni Wamoraviani. Pasaka alfajiri watu wote tuko makaburini, na kila mtu ameshapalilia la kwake. Bibi hupalilia la babu, akimaliza anabaki amesimama na jembe lake. Mwaka huu aliniambia nimpeleke Kaboya.

Baba mdogo hataki kusikia. Anasema bibi atatufia kwenye basi, bora tuchimbe kaburi hapa nyumbani, tuzike mgomba kwa niaba ya marehemu, tujengee, tuweke picha yake ya sare, msiba uishe. Ng'ombe ameshapatikana. Bibi akamjibu mbele ya wazee: "Mimi sikuzaa mgomba." Kikao kikavunjika.

Nimpeleke, au nimsikilize baba mdogo? Naomba kuwasilisha. Matusi hapana.

Mzee wa Kalenga: Kamwene. Kabla ya kukata tiketi, hakikisha yupo. Nenda kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, yule ni mwanajeshi na ofisi yake iko hapo hapo wilayani. Mpelekee jina kamili, kikosi na namba ya jeshi. Tazama anwani kwenye hiyo barua, huenda namba iko hapo. Umburuze bibi hadi Muleba halafu jina lisionekane? Hilo ndilo litamuua, si basi.

Mwanjelwa Halisi: Mgomba si upuuzi, mkuu. Kwetu tulizika kwa ajili ya ndugu aliyezama Ziwa Nyasa, watu wakapumua. Ila yule hakuwa na kaburi. Huyu analo.

Dada wa Mafinga: Uzeni ng'ombe, mpandeni ndege Songwe hadi Dar, Dar hadi Bukoba.

Mwanjelwa Halisi: Ng'ombe gani huyo dada 😂 Labda bibi aende peke yake.

Mtu wa Kamachumu: Pole sana. Mimi ni wa huku huku Muleba. Kaboya ni eneo la jeshi, huingii kama unaingia sokoni, kwa hiyo ombeni kibali mapema. Na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, iepukeni. Gwaride, viongozi, mashada ya maua, bibi atawekwa kwenye kiti cha plastiki awe mtazamaji. Mleteni siku ya kawaida akae na mwanae. Safari ya basi ikateni vipande: laleni Dodoma, laleni Kahama. Mkifika mlale kwangu, nitawapikia matoke, msiyaite ndizi.

Mleta uzi: Asanteni sana. Mzee wa Kalenga, namba ipo kweli, ila tarakimu ya mwisho imeliwa na mkunjo. Jumatatu naenda nayo hivyo hivyo. Baba mdogo bado amenuna, ng'ombe anakula majani tu.

Bibi nimemsomea majibu yenu yote. Ameuliza jambo moja tu, na mtu wa Kamachumu naomba unijibu: je, askari wa pale getini watamruhusu aingie na jembe?