Uvimbe kwenye kizazi: niache uji wa soya?

MamaTukuyu: Habari zenu wapendwa. Ultrasaundi imeonyesha uvimbe wa sentimita 4. Hedhi inatoka mabonge, pedi hazifui dafu. Wifi ananikataza uji wa soya, eti unaulisha uvimbe. Kweli?

Muuguzi_Uyole: Pole sana dada. Uvimbe huo hukuzwa na homoni za mwili wako mwenyewe, estrojeni na projesteroni. Soya ina viini vinavyofanana na estrojeni, ila nguvu yake ni ndogo mno. Haijathibitika kwamba uji unaukuza, kunywa. Utafiti wa Italia wa 1999 uliona uvimbe kwa nadra zaidi kwa wanaokula sana mboga za majani na matunda. Huo ni uhusiano, si tiba. Mimi nahofia hayo mabonge: kapime wingi wa damu wiki hii, tafadhali. Kula maharage na matembele, chungwa pembeni. Chai ya rangi kaa nayo mbali na mlo, inazuia madini ya chuma.

Binti_Mwanjelwa: Na vidonge vya chai ya kijani, dada muuguzi?

Muuguzi_Uyole: Jaribio dogo la Misri, 2013, lilionyesha vinapunguza uvimbe. Lakini dozi kubwa yaweza kuumiza ini, usijinunulie mtaani.

MamaTukuyu: Asante dada. Kesho asubuhi naenda kupima.