Auze shamba akatibiwe kwa seli? Na shamba lenyewe la nani?

Mwana Ganda: Salaam nyote. Nauliza na naomba mjibu kwa heshima, maana kwetu tumefika pahali hatusemezani. Kakangu anaugua Crohn's, utumbo umevimba na kuchubuka ndani, na sasa ana fistula, tundu limejitoboa kando ya njia ya haja linatoa usaha, hata kupanda boda mpaka mjini hawezi. Kuna wakala wa kliniki ya ng'ambo ametujia, anasema atadungwa seli apone kabisa ila ni mamilioni. Wazee wanataka tuuze shamba. Swali langu ni hili, serikali iwaache hawa mawakala wazunguke wakiuza tiba hizi ama iwafungie?

Sista wa Wodi: Pole sana ndugu yangu. Tiba yenyewe si uzushi. Ulaya waliidhinisha moja 2018, inaitwa darvadstrocel, seli zinatolewa kwenye mafuta ya mtu mwingine zinazalishwa maabara halafu zinadungwa kuzunguka hiyo fistula, dozi ni seli milioni 120. Lakini jaribio kubwa lililofuata halikuonyesha kwamba inawashinda waliodungwa sindano isiyo na dawa, na mwisho wa 2024 ikaondolewa soko la Ulaya. Tena ilikuwa ya fistula peke yake. Seli zile hazigeuki utumbo mpya, kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili inayojishambulia. Kwa hivyo anayewaambia "kupona kabisa" mwogopeni. Na je, amepimwa TB ya utumbo? Inafanana sana na Crohn's, na mtu mwenye TB iliyolala ukimpa infliximab, dawa ya Crohn's inayopunguza kinga, unaiamsha.

Baharia Shela: Mie nauliza kitu kimoja tu. Shamba lipi hilo la Ganda, hapa Malindi? Maana mashamba mengi huko yana wenyewe na hati zao, watu wamekaa tu. Skwota hauzi.

Mwana Ganda: Ati tumekaa tu?? Babu kazikwa pale, babake kazikwa pale, mikorosho yote unayoiona wamepanda wao kwa mikono yao, huyo mwenye hati hajawahi kuja hata kung'oa jani. Hizo hati ni Mwingereza na sheria yake ya 1915 aliwapa watu ardhi akijua ina watu ndani. Usinitukane mbele za watu na mimi nina mgonjwa nyumbani.

Mama Barani: Ya 1908 mwanangu. Ya 1915 ni ile ya ardhi za Taji, yaani za serikali ya Mwingereza. Hii ya 1908 ndiyo iliyokuja Mwambao, ile maili kumi ya pwani ya Sultani wa Zanzibar, ikasema kila mwenye dai alete dai lake. Wa mjini walienda na makaratasi, wengi wa mashambani hawakwenda ama hawakusikizwa, na isiyodaiwa ikahesabiwa ya Taji. Halafu 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua kwamba hati za Mwambao zitatambuliwa. Basi likafungwa hivyo hivyo na watu wako juu yake.

Baharia Shela: Mama nakuheshimu lakini mnasimulia kama kwamba kila mwenye hati alipora. Babu yangu mzaa mama alinunua kwa pesa za jahazi, akanunua kwa mtu anayejulikana na mashahidi wakaweka sahihi. Leo wajukuu tukifika na hati tunatolewa mapanga! Hilo nalo mliandike.

Kijana wa Sheria: Hapa mnagombana kwa misingi miwili tofauti. Baharia anasema mali ni karatasi, Mwana Ganda anasema mali ni jasho. Jasho lina watu wake, Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alisema hivyo 1689, na hata katika dini kuna hadithi kwamba anayehuisha ardhi iliyokufa basi ni yake. Sheria ya Kenya imechukua kotekote. Hati ni ushahidi wa kwanza lakini huvunjwa ikipatikana kwa ulaghai, na ukikaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa yake, unaweza kwenda kortini uandikishwe wewe. Mahakama ya Rufaa hapahapa Malindi 2015 ilisema hilo halipingani na Katiba. Ardhi ya serikali ndiyo haiguswi hivyo.

Mwana Ganda: Umesikia Baharia? Miaka 12 sisi tumeipita zamani. Na ushahidi upo, mama ameweka risiti za babu, akimlipa msimamizi wa mwenye ardhi kila mwaka, vikaratasi vimegeuka manjano vina stempu na sahihi juu yake, imeandikwa "ijara ya ardhi" na mwaka. Sista, kuhusu TB sijui, alipigwa picha tu.

Baharia Shela: Haya, si umesema mwenyewe mlikuwa mkilipa ijara? Mpangaji ni mpangaji.

Kijana wa Sheria: Mwana Ganda hapo kaa makini, hizo risiti zinakukata. Anayelipa ijara yupo kwa ruhusa, na mwenye ruhusa miaka yake haihesabiwi. Ila kama hapakuwa na mkataba wa maandishi, hesabu inaanza pale ijara ya mwisho ilipopokelewa. Tafuta risiti ya mwisho ni ya mwaka gani, hiyo ndiyo kesi yako. Na hata ukishinda, mpaka uandikishwe huna cha kuuza leo isipokuwa hiyo mikorosho.

Sista wa Wodi: Picha haitoshi jamani. Aingizwe kamera, wachukue kinyama cha utumbo kipimwe. Hilo linafanyika hapa nchini bila kuuza shamba.

Mwana Ganda: Ya mwisho mama anasema ni 1981. Tangu hapo hakuja mtu. Sasa Baharia niambie hiyo miaka yote mpangaji wa nani?

Baharia Shela: Asiyekuja hajatoa. Watu walikuwa Arabuni kutafuta riziki, wengine walikufa wakaacha watoto wadogo. Weka namba ya ploti hapa tuitazame rejista.

Kijana wa Sheria: Usiweke. Nendeni Mahakama ya Mazingira na Ardhi na hizo risiti, na wakala asipewe hata shilingi ya kushika nafasi.

Baharia Shela: Waende. Wenye hati nao watakuja.

Mwana Ganda: Wenye hati kina nani? Mbona wasema kama ni lenu?

Baharia Shela: Sijasema ni letu.

Mama Barani: Basi waulize kwenu kabla hamjakutana kortini.